Duka Lisilo na Baraza

Ashukuriwe Mungu, aliyetupa mvua nyingi na kifua cha kuistahimili.

Leo nimepita kwenye jengo jipya la vioo hapa Tukuyu. Harufu ya saruji mbichi imenirudisha kwenye siku baba alipofungua duka lake.

Serikali ilikuwa ndiyo kwanza imeachia biashara huru, na baba alitaka duka la kisasa kama aliloliona Dar es Salaam: ukuta wa mbele umesimama wima, paa limefichwa nyuma yake, baraza hakuna. Tulisimama mlangoni tumevaa nguo za sikukuu. Watu walianza kusogea, mvua ikashuka, wote wakakimbilia duka kuukuu la ng'ambo ya barabara, lenye baraza pana la mianzi.

"Duka zuri, ndugu yangu!" akaita mwenye duka lile, mzee wa kofia. "Ila wateja wako ninao mimi!"

Watu wakacheka. Hatukuuza hata kiberiti.

"Baba watoto," mama akasema, "hapa ni Tukuyu. Ongeza paa litokeze mbele."

Kesho yake fundi akaleta mianzi na mabati. Mvua iliyofuata, nusu ya soko ilijibana kwetu, masweta yakinuka moshi, na mama mmoja wa kijiji cha Lufingo akageukia mlango.

"Chumvi mnauzaje?"

"Baba!" nilipiga kelele nikirukaruka. "Anauliza bei!"

Mungu akujalie, msomaji, nyumba ambayo watu wataikimbilia.