Mizizi Juu ya Jiko

Dawa ya zambarau ilibaki zambarau. Kaluki alisubiri nusu saa kama utaratibu unavyotaka, akaitazama tena kwenye mwanga wa dirisha la maabara, pale chuoni Kitui, kisha akaandika: hakuna badiliko. Kama mizizi ya muteta, mti wa dawa, aliyoitia humo ingekuwa na nguvu ya kuukinga mwili usiharibike, kama rangi inavyokinga chuma kisiote kutu, zambarau ile ingefifia ikawa manjano. Juma lililotangulia, panya waliovimbishwa nyayo na kunyweshwa muteta walibaki wamevimba, sawa na wale walionyweshwa maji.

"Basi tuuondoe kwenye orodha," alisema Daktari Idris, msimamizi wake. "Pole, najua ni dawa ya mama."

"Sawa, Daktari."

Tangu mama yake, Kalunde, azikwe Kilungu miezi miwili kabla, Kaluki alijibu kila kitu hivyo. Pole za majirani, sawa. Chai imepoa, sawa.

Miaka thelathini watu wenye magoti yaliyovimba walipanda mlima kumfuata Kalunde. Aliwachemshia muteta ndani ya supu ya mifupa, na wengi waliteremka wamesahau fimbo zao uani. Kwenye ripoti, miaka hiyo ingekuwa mstari mmoja: mmea hauna athari.

Alipokuwa akiosha vyombo vya maabara ndipo alipokumbuka turubai. Kalunde alipomletea gunia la mizizi alimwambia, "Usianike juani. Tundika juu ya jiko, ikauke polepole."

"Mwaitu, mama yangu, huko jikoni ni masizi matupu. Jua ni safi, tena ni la bure."

"Haya, mwenye digrii. Jua nalo lina njaa. Litaila."

Kaluki alicheka, akatandaza mizizi juu ya turubai, siku nne, katika jua la Kitui.

Alimfuata Idris ofisini. "Daktari, kosa ni langu. Niliianika vibaya."

"Kuna mingine?"

"Fungu moja. Liko juu ya jiko la mama."

"Nakupa mpaka mwisho wa mwezi."

Huko Kilungu, kaka yake, Nzioka, alisimama mlangoni mwa jikoni, mikono kiunoni. "Hilo ndilo la mwisho alilofunga kwa mkono wake. Alipokuita mkachimbe naye ulisema una mtihani. Sasa umekuja na mfuko?"

"Sawa," alisema Kaluki, akapanda kigoda. Masizi yalimwangukia begani. Kesho yake, maabarani, aliikata kamba ya mkonge kwa makasi na kusaga mizizi yote. Alingoja ahisi kitu. Mashine ilinguruma, ikanyamaza.

Safari hii zambarau ilififia kabla ya dakika kumi. Uvimbe kwenye nyayo za panya ulipungua karibu nusu.

"Kaluki! Umeona?" Idris alipiga meza.

"Nimeona."

"Lakini jaribio moja si jaribio. Turudie mara mbili zaidi, mizizi ya mti uleule, ianikwe vilevile. Mti uko wapi?"

Hakujua. Kalunde hakumwonyesha mtu mti asiouulizia. "Anayeutaka atauliza," alikuwa akisema, na Kaluki hakuwahi kuuliza.

Jumamosi alipanda mlima na Nzioka.

"Wewe uliwahi kuuliza?" Kaluki alimwambia.

"Mimi? Mimi nilikuwa nakunywa supu tu."

Kalunde alipochimba alirudishia udongo na kuweka jiwe bapa juu, mbuzi wasifukue. Hilo walilijua wote wawili, kwa kuwa alikuwa akirudi nyumbani akilalamikia uzito wa mawe. Muteta wa kwanza haukuwa na jiwe. Wa pili na wa tatu vivyo hivyo. Wa nne ulikuwa na mawe matatu kulizunguka shina, yameota ukungu wa kijani, na upande wa machweo ulikuwa wazi.

Kaluki alichimba hapo. Alipomaliza kufukia, Nzioka alikuja amekumbatia jiwe.

"Hilo ni kubwa mno."

"Liweke tu."

Jikoni, Kaluki aliwasha moto uliokuwa haujawashwa tangu matanga, akafunga mizizi na kuitundika.

"Siku ngapi?" Nzioka aliuliza.

Kaluki alifungua daftari. Aliandika tarehe ya kutundika, na mbele ya "muda wa kukausha" akaacha nafasi.

"Hilo pia sikuuliza," alisema, akasogeza ukuni.