Damu Yangu Mbele ya Kanisa

Lodwar nzima imeshanicheka, kwa hiyo cheka na wewe. Mimi ni mzee wa kanisa, na mfungo wa kuombea mvua niliutangaza mwenyewe: hakuna kula wala kunywa mpaka jioni. Mke wangu Nakiru, anayenyonyesha, aliniomba angalau chai. Nikamwambia hana imani.

Mchana njaa ikanishika. Nikajificha nyuma ya choo cha kanisa na koma, lile tunda letu la nyuzinyuzi, gumu kama jiwe, nikaliguguna kwa pupa kama mbuzi mwizi. Likanichubua. Shavu likavilia damu kwa ndani, na lengelenge jeusi likatuna.

Jioni nikashika kipaza sauti kuongoza maombi. Nilipopaza sauti, lengelenge likapasuka, damu ikachuruzika hadi kwenye shati jeupe.

"Mzee ameomba mpaka damu!" akapiga yowe mama mmoja. Watu wakapiga magoti. Mchungaji akalia. Nami mpumbavu, badala ya kufunga mdomo, nikainua mkono juu zaidi.

Nakiru peke yake ndiye aliyeogopa. Akaja mbio na mtoto mgongoni. "Baba Ekai, fungua mdomo." Akamulika kwa tochi ya simu, akaingiza kidole, akavuta uzi mrefu wa koma uliokwama kwenye jino. Akautazama. Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwangu, kwa hiyo kanisa lote lilimsikia:

"Na mimi ulininyima chai."