Sikujua wa Mstari wa Ijumaa

Sikujua binti Abdulhamid alitambaa tangu utoto. Homa ilimshika alipokuwa anaanza kusimama, ikamwachia miguu miwili myembamba isiyobeba kitu. Mabega yake, hata hivyo, wapiga kasia wa Lubunga, mtaa wa Kisangani ulio ng'ambo ya mto, waliyaonea wivu. Baba yake, aliyekuwa seremala, alimchongea vibao viwili vya mti mgumu vyenye kanda za ngozi, naye alivivaa mikononi kama watu wengine wanavyovaa viatu. Mlio wa vibao ulipokaribia, waliokuwa wakisengenya walinyamaza. Sikujua hakuwa mgomvi, lakini neno lililomhusu hakulisahau.

Kila Ijumaa baada ya sala, wafanyabiashara wa Kiislamu wa Lubunga walitoa sadaka kwa vilema na wazee waliokaa mstari mmoja nje ya msikiti. Mgeni hakujikalia tu. Ilibidi watu wawili wa mstari waseme wanamjua, kisha atambae, achechemee au apapase njia mbele ya wote, wamwone. Mlaghai alitimuliwa kwa fimbo, maana mtu mwenye viungo vizima akikaa pale, watoaji wangeacha kuwaamini wote. Neno la mwisho lilikuwa la Sikujua, aliyekaa wa kwanza karibu na mlango.

Siku nyingine za wiki walikula kwa serikali. Wabelgiji walikuwa wamejenga hapo Lubunga nyumba ya matofali kwa ajili ya wazee wasio na watoto, vilema, na wanaume walioachishwa kazi ya reli. Watu waliiita Nyumba ya Msaada. Ilikuwa na paa la mabati, kitanda kwa kila mtu, na chungu kikubwa cha wali na sombe ya majani ya muhogo. Sikujua aliishi humo na shangazi yake Madina, ambaye alimbeba mgongoni miaka yote ya utoto, mpaka mgongo wenyewe ukapinda. Kikongwe yule alikuwa na kifua kibovu, na kwa mvua za Kisangani, paa lilikuwa ndiyo dawa yake.

Uhuru ulipofika mwaka wa sitini, watu wa Nyumba ya Msaada waliimba na kupiga sufuria mpaka asubuhi. Mwaka uliofuata, kazi ya misaada ilipata mkuu mpya aitwaye Alexis, kijana wa kutoka Maniema aliyesoma kwa mapadre, mwenye suruali iliyonyooshwa vizuri na kalamu mbili mfukoni. Ofisi yake ilikuwa ng'ambo ya pili ya mto, ghorofani. Aliamuru kila mtu wa Nyumba ya Msaada aende kwake mwenyewe, kwa mwili wake, aonekane kama kweli anastahili.

Wengi hawakuweza hata kuingia kwenye mtumbwi. Sikujua na Madina walivuka. Madina alibaki chini ya ngazi, pumzi zimemwishia. Sikujua alipanda kwa mikono, kipago kwa kipago, akiburuta miguu yake. Alipofika juu jasho lilikuwa limelowesha gauni lote.

Alexis alimtazama kutoka nyuma ya meza.

"Mama, weye umepanda escalier?"

"Ndiyo, chef."

"Peke yako?"

"Na mikono yangu, chef."

"Bon. Kilema hawezi kupanda escalier. Donc weye uko muzima." Karani aliyekaa pembeni akacheka, na Alexis, alipoona kicheko kimepatikana, akaongeza: "Mutu wa mikono kama hii, kazi haiwezi kumukosa. Wende ukapige kasia."

"Na shangazi yangu? Iko chini, hawezi kupanda."

"Mimi simuoni. Mutu mwenye sijamuona, nitamusaidia namna gani?"

Wiki ile Nyumba ya Msaada ilifungwa. Kisha ikafunguliwa tena: chumbani mwa Sikujua na Madina wakaingia shemeji zake Alexis, na vyumba vingine vikajazwa magunia ya kahawa ya rafiki yake. Madina akalala kwenye baraza ya duka lililofungwa, Sikujua ubavuni mwake kumkinga upepo. Masika hayakuwa yameisha alipokufa.

Siku ya maziko, mzee mmoja alimwambia Sikujua amsamehe aliyemkosea, ili marehemu apumzike. Sikujua alijibu, "Mungu amusamehe kama anapenda. Mimi, hapana." Tangu siku ile, kila baada ya sala, aliongeza dua fupi ambayo jirani zake waliisikia na kuiogopa: "Usimuue, ee Mola. Nipe mimi."

Mwaka wa sitini na nne waasi waliuteka mji. Watu wa ofisi walisakwa nyumba kwa nyumba. Waliokuwa na tai walizichoma, waliokuwa na miwani waliitupa. Waasi walikuwa na njia yao ya kumjua karani: walimshika mkono wakapapasa kiganja. Kiganja laini kilikuwa kosa tosha.

Asubuhi moja, mtu mwenye shati lililochanika, matope mpaka kifuani, alitokea upande wa mto nyuma ya kibanda cha Daudi. Daudi alikuwa mzee kipofu, mchekeshaji wa mstari wa Ijumaa, na Sikujua alikuwa kwake wakimenya mihogo.

"Tonton, mjomba, nifiche," mtu yule alisema. "Nimesikia vilema hawaguswi. Niweke katikati yenu. Nitakaa kama nyinyi."

Daudi hakumwona, lakini sauti aliitambua. Yeye naye alikuwa mmoja wa wale waliovuka siku ile na kurudishwa.

"Sikujua," alisema polepole, "hii si ule chef wa ngazi?"

Alexis aligeuka, akamwona aliyekaa kivulini. Akapiga magoti.

"Mama Sikujua. Mama yangu. Wananiua."

Sikujua aliendelea kumenya. Daudi akanong'ona, bila kunong'ona sana, "Tuite wale vijana wa barabarani. Wanamumaliza leo leo, tunakula mihogo kwa raha."

"Akikufa leo ameumia siku moja tu," Sikujua alisema. "Madina aliumia masika muzima." Kisha akamgeukia Alexis. "Kwetu kuna sheria. Watu wawili wanamushuhudia mutu, halafu wote wanamuona akitambaa. Daudi atasema weye ni mutoto wa dada yake, Lukumani, wa kule Kirundu. Mimi nitasema miguu yako ilikufa ungali mudogo. Sasa tambaa. Anza mutoni mpaka musikiti."

"Mama, iko mbali."

"Unapenda kusimama? Simama. Wako barabarani, watakuona."

Alexis alitambaa. Njia ile ina kokoto za reli zilizomwagwa wakati wa Wabelgiji. Alipofika msikitini viganja vilikuwa vinatoka damu na suruali imeisha magotini. Watu wa mstari walikuwa wameitwa, wamekaa wanamngoja. Wengi wao walimtambua, na hakuna aliyefungua mdomo kwa waasi. Hawakuambiana wanyamaze. Kila mmoja alitaka kuona.

"Sijaona vizuri," Sikujua alisema. "Rudia kesho."

Mstari mzima ukapasuka kwa kicheko. Mama mmoja wa ukoma alilazimika kujifuta machozi kwa kifundo cha mkono. Kesho yake Alexis akarudia. Keshokutwa pia. Vibao vya mikononi aliomba, akanyimwa. Walimlaza kwenye baraza ya lile duka, mahali palepale, na mvua iliponyesha upande, Sikujua aliagiza asisogezwe. Chakula alipewa wa mwisho, baada ya mbwa wa Daudi, na Daudi alimwomba radhi mbwa kila mara kwa kumkalisha karibu na chef.

Jioni moja Alexis alilia. "Mama, unaniokoa ao unaniua?"

"Sijachagua bado," Sikujua alimjibu.

Ijumaa moja, wiki kadhaa baadaye, waasi wawili walipita kwenye mstari, mmoja na mkuki, mmoja na bunduki. Walikuwa wamesikia karani mkubwa amevuka mto. Mwenye mkuki alisimama mbele ya Alexis.

"Huyu nani? Sijamuona mbele."

"Lukumani, mutoto wa dada yangu," Daudi alisema. "Mubaya wa sura, wananiambia. Mimi namushukuru Mungu sioni."

"Leta mikono."

Alexis alifungua viganja. Vilikuwa vidonda na sugu, vyeusi kwa uchafu, kama vya mtu aliyetembelea mikono maisha yake yote. Mwasi alimchoma shavu la mguu kwa ncha ya mkuki. Jasho lilimtiririka Alexis usoni lakini mguu haukutikisika. Wakaenda zao.

Alexis aligeuka, akajaribu kuubusu mkono wa Sikujua. Sikujua aliuvuta kama amegusa makaa. "Usijidanganye," alimwambia. "Sijakutunza kwa ajili yako."

Hayo yaliendelea mpaka ndege zilipoangusha askari wa mwavuli kwenye uwanja wa Simi-Simi, upande wa pili wa mto, na kwa muda mrefu baada ya hapo, kwani Lubunga ilibaki mikononi mwa waasi huku ng'ambo serikali imesharudi. Hatimaye askari wa serikali wakavuka. Waasi walikimbilia msituni upande wa reli. Waliobaki wakavua kila kilichofanana na uasi, na askari walijua hilo, wakawa wanamtilia shaka kila mwanamume.

Watu walikusanywa uwanjani mbele ya msikiti. Alexis alipoona sare za serikali, furaha ilimpotezea akili. Akasimama wima na kupiga kelele kwa Kifaransa kwamba yeye ni mkuu wa misaada.

Sajini akamtazama: mtu mwenye ndevu chafu, kanzu iliyooza, viganja vya sugu, aliyekuwa kilema sasa hivi na amepona mbele ya macho yake. Kwake jambo lilikuwa wazi. Mwasi aliyejificha kati ya ombaomba. Askari wawili wakamkamata, wakamfunga mikono, wakamburuta ukutani.

"Muulizeni yule mama!" Alexis alipiga yowe. "Ananijua! Mama Sikujua!"

Sajini alimwendea Sikujua. "Mama, oyebi ye?" alimuuliza kwa Lingala kama anamjua.

Sikujua alimtazama Alexis muda mrefu kiasi cha askari mmoja kuikoki bunduki.

"Mutu mwenye iko ukutani, kinywa chake kiko na nafasi ya kusema," alisema mwishowe. "Kama ni chef kweli, aseme kazi yake. Aseme alifanya nini na Nyumba ya Musaada. Mimi nitasikiliza. Akidanganya, simujui."

Alexis alieleza kwamba alisimamia msaada wa serikali kwa wazee na vilema na wasio na kazi.

"Simujui," Sikujua alisema.

Askari aliinua bunduki.

"Niliwafukuza!" Alexis alisema. "Niliwaambia wapande ngazi. Aliyepanda nilisema ni muzima. Asiyepanda nilisema sijamuona."

"Vyumba?"

"Niliweka shemeji zangu. Na kahawa ya rafiki."

"Nani alikuwa chini ya ngazi?"

Hakujua jina. Alitazama huku na huku. Mstari wote ulimtazama bila kumsaidia. Ndipo Sikujua, kwa mara ya kwanza tangu maziko, akapaza sauti.

"Madina binti Kasongo! Sema!"

"Madina binti Kasongo."

"Alikufia wapi?"

"Kwenye baraza. Kwenye mvua." Alikuwa ameshuka magotini bila kuambiwa. "Mimi nilimutoa. Mimi."

Kila mtu wa Lubunga alikuwepo: wanawake wa soko, wafanyabiashara, wavuvi, hata shemeji zake Alexis, waliosimama mlangoni mwa Nyumba ya Msaada.

"Ndiye," Sikujua alimwambia sajini. "Mufungulie."

Walimfungulia. Sajini alitema mate, akawaambia askari wake waitoe kahawa ile na watu wale nje ya vyumba kabla ya jua kuzama, kwani yeye mwenyewe alikuwa na mama mzee. Alexis akaelekea mtoni. Wapiga kasia walikuwa wamekaa kwenye mitumbwi yao, na kila alipomkaribia mmoja, yule alijisogeza akaanza kufumua wavu. Akafuata ukingo wa mto kwa miguu, upande wa juu.

Daudi alimgusa Sikujua begani. "Iko wapi sasa?"

"Anatembea."

"Anatembea namna gani?"

"Magoti hayakunjuki vizuri. Wanawake wanaofua wamemupa mugongo. Mumoja amemwaga maji ya sabuni mbele yake."

"Ameanguka?"

"Ngoja. Ndiyo, ameanguka."

"Eee," Daudi alisema, akajiweka sawa kwenye mkeka. "Usiache kunielezea."