Uziwi wa Fundi Pindo

Fundi Pindo aligundua kwamba amekuwa kiziwi siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, na alilipokea jambo hilo kwa utulivu wa mtu ambaye amewahi kumkatia bwana harusi suruali yenye mguu mmoja mfupi. Mabaya hutokea. Cha kufanya ni kuangalia kama kuna kitambaa kilichobaki.

Binti yake alikuwa amepiga simu. Binti huyo, mtoto wake wa pekee, aliolewa akahamia mji wa mbali, safari ya siku mbili, na huko alijifungua mtoto wa kike ambaye sasa alikuwa na miezi kumi na saba na ambaye Fundi alimjua kwa picha tu. Kila Jumanne binti alipiga. Zamani sauti yake ilikuja safi, kana kwamba amekaa kwenye kigoda cha wateja. Kisha, mwezi hadi mwezi, ikaanza kurudi nyuma. Kwanza ilisimama mlangoni, halafu ikahamia chumba cha pili, na sasa ilikuwa sauti ya mtu aliyefungiwa kabatini pamoja na mablanketi. Jumanne hiyo Fundi alisikia "Baba" na "mtoto", na katikati ya maneno hayo mawili, mvumo.

"Mungu mkubwa," alijibu. Jibu hilo lilikuwa limemvusha salama katika simu sita.

Jina la Pindo alipewa na wateja. Wapo mafundi wanaosifiwa kwa suti na wengine kwa magauni ya harusi; huyu alisifiwa kwa ile sehemu ya nguo ambayo hakuna anayeitazama. Kwa miaka thelathini na minne, katika chumba cha mbele cha nyumba yake, hakuwahi kupitisha pindo kwenye cherehani. Alikunja, akapiga pasi, akashona kwa mkono, sindano ikiokota uzi mmoja tu wa kitambaa kila hatua, mpaka upande wa nje hauonyeshi kitu. Mteja akisema ana haraka, Fundi alimtazama miguuni kwa huruma, kama daktari.

Kazi ya namna hiyo inataka mikono miwili. Kwa hiyo simu aliibana kati ya bega na shavu akaendelea kushona au kukanyaga cherehani, na mazungumzo yakiisha aliitumbukiza kwenye mfuko wa aproni, mlimoishi chaki, tepu ya kupimia, na vumbi la nyuzi za kila nguo aliyowahi kupokea.

Ajabu ni kwamba cherehani aliisikia vizuri. Sindano ikianza kuwa butu aliijua kabla haijaruka mshono. Fundi alilitafakari jambo hilo akafikia uamuzi kwamba uziwi wake ulikuwa na utaratibu: umeanza na walio mbali, utafika kwa wateja, na cherehani itakuwa ya mwisho. Aliuona mpango huo kuwa wa kiungwana. Mkewe hakuwa kipimo, maana mkewe alisikika mpaka nyumba ya tatu.

Hakumwambia mtu. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini Fundi aliona kwamba uziwi si maradhi, na tena mtu aliyekwisha kuwa kiziwi haambiwi methali.

Kilichomuuma ni kimoja. Mjukuu alikuwa ameanza kusema. Binti aliandika hivyo, na wiki iliyopita akatuma ujumbe wa sauti wa sekunde kumi na nne. Fundi aliufungua mara tisa. Aliubandika kwenye sikio la kulia, kisha la kushoto, kisha kwenye paji la uso, kwa kuwa aliwahi kusoma mahali kwamba mifupa nayo husikia. Alichopata ni mkwaruzo, kitu kama kikohozi kikavu.

"Umesikia baba?" binti aliandika.

"Nimesikia. Poleni sana," Fundi alijibu. "Mpeni maji ya uvuguvugu."

Binti akatuma alama ya kuuliza peke yake.

Basi mtoto atakua, Fundi aliwaza. Atasema maneno yake yote ya mwanzo, yale ambayo hayasemwi mara mbili, na babu yake atakuwa anajibu Mungu mkubwa.

Jumanne hiyo, baada ya simu ya mvumo, binti ambaye hakuwa mjinga aliandika ujumbe: "Baba nadhani simu yako imejaa uchafu. Lazima uifute. Futa taratibu, kila mahali, usiache kitu."

Fundi aliyaheshimu maandishi. Mtu anayeishi kwa vipimo vilivyoandikwa hawezi kuyachezea. Alifunga mlango wa chumba cha kazi saa nane mchana, akavaa miwani, akaanza kufuta.

Simu yenyewe ilikubaliana na binti. Kila alipogusa kitu na kukishikilia, lilijitokeza neno hilohilo, Futa, kana kwamba lilikuwa limejibanza humo siku zote likisubiri kuitwa. Alifuta salamu za asubuhi zenye maua. Alifuta meseji za watu wasiomjua waliomwambia ameshinda gari. Kweli uchafu ulikuwepo, hata yeye alishangaa. Alifuta picha mia mbili na kumi na mbili za pindo alizojivunia, na hapo moyo ulimwuma, lakini aliendelea. Mwishowe akafika kwenye ujumbe wa sauti wa binti. Ulikuwepo mmoja kwa kila wiki, kumi na moja kwa jumla, na wote alikuwa ameujibu bila kuusikia. Usiache kitu. Alifuta wa kwanza. Alifuta wa pili. Alipofika kwenye ule wa sekunde kumi na nne, kidole gumba kilikataa. Kilisimama hewani kama punda mbele ya daraja.

Hivyo ndivyo mkewe alivyomkuta aliporudi kazini. Mkewe alifanya kazi katika duka la miwani, na kwa miaka kumi na mitano kazi yake ilikuwa kusafisha vioo ambavyo watu wengine wangeangalia dunia kupitia kwavyo. Alikuwa na maoni makali kuhusu alama za vidole.

"Unalia au ni jasho?"

"Nafuta simu."

Aliipokea akaigeuza. Kioo kilikuwa na mafuta ya shavu la miaka miwili. "Mbona bado chafu?"

"Nimeshafuta vitu mia nne, mama."

"Umefuta nini, mzee?"

Akamwonyesha. Mkewe alikaa kwenye kigoda cha wateja, mkoba ukiwa bado begani.

"Yaani wewe," alisema taratibu, "ukiambiwa ufute meza, unaitoa nje unaitupa."

"Kuna jambo jingine." Fundi alikunja tepu, akaikunjua. "Nimekuwa kiziwi."

"Tangu lini?"

"Leo saa nne. Lakini ilianza zamani."

Mkewe alishusha mkoba begani. Aliinuka akapita nyuma yake, upande wa meza ya kukatia. Kisha kitu kikaanguka kwenye sakafu ya saruji.

"Hiyo ni namba kumi na sita," Fundi alisema bila kugeuka. "Iokote, imebaki hiyo tu."

Kitu kingine kikaanguka.

"Kumi na nne. Hiyo ncha imepinda, itupe."

Mkewe alirudi mbele yake, sindano mbili kiganjani, moja nzima na nyingine kweli imepinda. Aliitazama ile iliyopinda kwa muda. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yao alizungumza kwa sauti ya kawaida ya binadamu.

"Sikio la kufa halisikii dawa. Lako linasikia mpaka sindano iliyopinda. Wewe si kiziwi, mzee. Kiziwi ni simu."

Alimwandikia binti kwa simu yake mwenyewe, akieleza yaliyotokea. Jibu lilikuja kwa herufi kubwa: "SIO KUFUTA MESEJI. KUPANGUSA." Kisha, kwa herufi za kawaida: "Mama ujumbe wangu wote ninao huku, nitautuma tena. Asilie."

Fundi alilitazama neno pangusa kwa heshima. Maisha yake yote alikuwa nalo, alilitumia kwa pasi, kwa meza, kwa viatu, na siku lilipohitajika likatumwa lingine.

Walihamia meza ya jikoni, penye mwanga wa dirisha. Mkewe aliosha mikono, akaikausha, akatandika kitambaa cheupe. Alizima simu kabisa, si kioo tu, akamwonyesha mumewe kwamba imezimika. Kisha akaibandua kava, ambayo haikuwahi kutoka tangu siku ya kununuliwa, nayo ikaachia kwa mlio kama wa plasta.

"Kumbe ni ya bluu," Fundi alisema.

Walikuwa wameishi nayo miaka miwili wakiiita ile nyeusi.

Mkewe aliiosha kava kwa maji na sabuni, akaitundika pembeni. Alipogeuka, mumewe alikuwa amerudi kutoka chumba cha kazi na sindano mkono mmoja, kichupa cha mafuta ya cherehani mkono wa pili.

"Hivyo vya nini?"

"Sindano ya kuchokolea, mafuta ya kulainisha. Cherehani ikijaa vumbi ndivyo inavyofanywa."

"Na ikipona utaitungia uzi?" Alimnyang'anya vyote viwili. "Sikiliza. Kwenye hivyo vitundu kuna wavu mwembamba. Ukiuchoma ndio utakuwa uziwi wa kweli, hauna dawa. Mafuta yakiingia hayatoki. Maji hayamwagwi, hata tone. Na dawa ya kung'arisha nguo usiilete hapa. Kioo kina ngozi yake juu, kama lenzi. Dawa kali inaichubua."

Fundi, ambaye tayari alikuwa amevuta pumzi ili apulize, aliishusha.

"Na kupuliza pia hapana. Mdomo una mate."

Alipangusa kioo kwanza, kwa kile kitambaa laini cha miwani, kikavu, kisha kwa ncha yake iliyoloweshwa kidogo na kukamuliwa mpaka haiachi unyevu kiganjani, kisha kikavu tena, mbali na vitundu. Baadaye alifungua droo akatoa mswaki mdogo, laini kama nyusi, bado umo ndani ya pakiti. Ulikuwa wa mjukuu. Alikuwa ameununua kwa ajili ya siku binti na mtoto watakayokuja kutembea.

"Si wa mtoto huo?" Fundi aliuliza.

"Na kazi hii ni kwa ajili ya nani?"

Alimkabidhi mswaki. Aliujua udhaifu wa macho yake mwenyewe, na aliijua mikono ya mumewe.

Fundi aliiinamisha simu, vitundu vikitazama chini, ili kinachotoka kianguke na kisirudi. Alipitisha mswaki mkavu kwenye ule ufa mwembamba wa sikioni jinsi alivyoshona pindo, bila kukandamiza, hatua moja, hatua nyingine. Ilianguka chaki kwanza, nyeupe, kidogo kuliko chumvi ya yai moja. Kisha kikatoka kijishada cha vumbi la nyuzi, kimeshikana, na kikalala kwenye kitambaa.

Kilikuwa na matabaka.

Fundi alishusha miwani hadi nusu ya pua. Juu kabisa palikuwa na kijivu, na kijivu hicho alikijua: suti ya mwalimu mkuu aliyestaafu mwezi jana. Chini yake palikuwa na mstari mwekundu wa magauni ya kwaya, ishirini na mawili, yaliyomtoa roho. Halafu bluu nene, ya sare, wakati shule zinafunguliwa. Halafu weupe mwembamba, unaong'aa kidogo, wa gauni la bibi harusi aliyelia akicheka siku ya kulijaribu. Na chini kabisa, pale ambapo vumbi lilianza, uzi mmoja wa manjano hafifu. Huo aliutazama kuliko yote. Ulikuwa wa shuka ndogo ya mtoto, ile aliyoikunja pindo pande nne kwa mkono na kuipeleka posta wiki mjukuu alipozaliwa.

Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba kilikuwa kidogo kuliko punje ya mchele. Lakini mwaka na nusu ulikuwa umeingia humo wote, kwa mpangilio, bila mtu kuuita. Mtu anaweza kudhani kazi yake imetoka mlangoni na wateja.

"Usipumue," mkewe alisema, "utakipeperusha." Alikikinga kwa karatasi, akakikunjia ndani.

Walisafisha na vitundu vya chini. Walisubiri hadi chembe ya mwisho ya unyevu ikauke, muda ambao Fundi aliutumia kukaa. Kisha akaiwasha, akaufungua ule ujumbe wa sekunde kumi na nne, akaisogeza simu sikioni.

Akaitoa haraka, kama aliyepigiwa kelele. Akairudisha.

Binti alikuwa amekaa kwenye kigoda cha wateja. "Haya mwambie," sauti yake ilisema, safi, na pumzi zake zikasikika. "Babu anasemaje? Babu yuko wapi?"

Na sauti ndogo, yenye mate, isiyo na haraka, ikajibu: "Ti-ki-ti-ki-ti-ki-ti-ki."

"Ndivyo anavyokuita, baba. Akiona simu tu."

Fundi aliusikiliza mara tatu. Simu ilikuwa imeziba upande wa kusikia. Upande wa kusema ulibaki wazi miezi yote. Yeye alipokuwa akijibu Mungu mkubwa kwa maneno asiyoyasikia, mtoto alikuwa amekaa upande wa pili akisikiliza cherehani, Jumanne baada ya Jumanne, na akaamua kwamba huyo ndiye babu yake. Hakuwa amekosea sana.

Alipiga simu. Binti alipopokea, kitu cha kwanza Fundi alichouliza kilikuwa:

"Yale maji ulimpa?"

"Nilimpa, baba. Aliyanywa, akaendelea."

"Mweke karibu."

Fundi alirudi chumba cha mbele, akachomoa uzi kwenye cherehani ili isishone kitu, akailaza simu mezani juu ya kitambaa safi, mbali na chaki, akakanyaga. Sindano ilipanda na kushuka hewani, mshono mrefu usio na nguo. Alisimamisha. Upande wa pili ile sauti ndogo ikajibu, ndefu kuliko yake.

Akakanyaga tena.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, kikaratasi cha vumbi mkononi, hajui akitupe wapi.