Kiti cha Matusi

Wifi yangu ana ulimi. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani nasimulia habari za malaika. Siku ya kwanza nilipoingia kwao kama mke wa kaka yake, alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu akasema, "Kaka, umezunguka kote huko ukarudi na hiki?" Kaka yake akacheka, mimi nikalia. Sasa Mungu amekwisha kumchukua mume wangu, na huyo wifi ndiye ninayeishi naye nyumba moja, sisi wawili na binti yangu wa mwisho. Mpaka leo akitaka chumvi anasema, "Hiki, nipe chumvi."

Ni mwalimu wa historia katika sekondari iliyo nyuma ya soko. Wanafunzi wanamwita Wembe. Anajua, na anasema kuna walimu wanaoitwa vibaya zaidi.

Basi mtu huyo, na ulimi wake huo, ndiye aliyekuwa akiwafundisha watoto kunyamaza. Walipofika kwenye somo la watu waliobadilisha sheria mbaya bila kushika silaha, hakutaka kuwaandikia ubaoni tu. Alisema, "Ukimwandikia mtoto kwamba watu walitukanwa wakatulia, atanakili, atapiga mstari, halafu ataendelea kutafuna kalamu." Akachukua kiti akakiweka katikati ya darasa.

Aliwasimulia habari za vijana wa ng'ambo waliokatazwa, kwa sababu ya rangi yao, kuketi na kula mahali walipokula wengine. Kabla ya kwenda kuketi pale, walijizoeza vyumbani. Wengine waliketi, wengine wakajifanya maadui, wakawatukana na kuwavuta kola. Aliyeshindwa kuvumilia alirudia zoezi. "Waliogopa kama nyinyi," aliwaambia, "ila hofu waliipunguzia ndani kabla ya kutoka nje."

Kwa hiyo kila mwanafunzi alikuwa na zamu yake ya kuketi, mikono magotini, wenzake wakimsema. Sheria ilikuwa moja: tusi liwe la kubuni. Unaweza kumwambia mtoto mwembamba kwamba ni kiboko, au kwamba ana mkia anaufichia kwenye soksi. Mama yake usimguse, nyumbani kwao usipaguse, jambo la kweli usiliguse. Binti yangu aliitwa gunia la misumari, akarudi nyumbani amefurahi kama aliyepewa zawadi.

Shida ilikuja siku wifi alipoilegeza sheria. Watoto walikuwa wanacheka tu, zoezi limegeuka mchezo. Akaudhika, akasema, "Wale watu hawakuambiwa habari za mikia. Leo semeni linalouma."

Kwenye kiti alikuwa binti mmoja mpole, mtoto wa mama anayefua nguo nyumba kwa nyumba. Aliyesimama mbele yake alikuwa mtoto wa kiume wa mwenyekiti wa kamati ya wazazi, yule mwenye duka la saruji na mabati.

"Mama yako anafua chupi zetu," kijana akasema. "Hata sketi hiyo ni ya dada yangu. Ina doa upande wa nyuma, nalijua."

Ile sketi niliipunguza kiuno mimi mwenyewe, kwa cherehani yangu, na doa nililificha kwenye mkunjo.  Binti alikaa vile vile alivyofundishwa mpaka kengele ikalia. Wifi alimfokea yule kijana, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Kesho yake binti alikataa kwenda shule.

Mwenyekiti aliisikia habari kwa njia aliyoitaka yeye. Aliitisha mkutano, akapita akisema kuna mwalimu anafundisha watoto kutukanana, na muhula ujao atawafundisha kuchoma shule. Mkuu wa shule alimuunga mkono. Alikuwa na kinyongo tangu wifi alipomwambia mbele ya walimu wenzake kwamba hotuba zake zinaweza kukausha nguo.

Siku ya mkutano nilimwambia wifi, "Nakuomba kwa jina la Mungu, leo funga mdomo. Wanachongoja ni ujibu tu wapate sababu ya kukufukuza."

"Nani kakwambia nitajibu?"

"Nimeishi na wewe."

Akajifunga kitambaa kichwani. "Hiki nacho siku hizi kinaongea," akasema, tukatoka.

Mkutano ulikuwa bwaloni. Wazazi walijaa kwenye mabenchi, na mbele waliweka kiti kimoja peke yake. Wifi alikitazama, akaketi, akaweka mikono magotini. Nikajua anachofanya. 

"Hajazaa," mama mmoja akaanza. "Atajuaje uchungu wa mtoto?"

"Na mume alimkimbia."

"Hakumkimbia yeye, alikimbia ule ulimi."

Bwalo zima likacheka. Mume hakukimbia. Wifi ndiye aliyemtoa, na sanduku lake, na sentensi moja ambayo mtaa wetu unairudia hadi leo. Niliona taya lake linacheza. Mikono haikutoka magotini.

Wakaendelea. Wakasema mavazi yake, wakasema sauti yake, wakauliza alilishwa nini huko alikosomea. Mwenyekiti alipoona moto unapungua akasogea mbele, kidole gumba kwenye mkanda.

"Mbona kimya leo, Wembe? Umeota kutu?"

Kicheko tena.

"Tunakungoja wewe. Jitetee."

"Nangoja swali, Mwenyekiti," wifi akasema. "Nikiulizwa, nitajibu."

Hapo akasimama yule mama wa kufua. Vidole vyake vimepasuka kwa sabuni, na sauti yake ni ya chini, lakini watu walinyamaza. Nusu ya nguo zilizokuwa bwaloni zilipita mikononi mwake.

"Mimi ninalo swali. Mwanangu aliambiwa nini, na aliyemwambia ni nani?"

Mkuu wa shule akatazama dari. Mimi nilikuwa nalijua jina, binti yangu alinieleza. Baba wa kijana alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwenye kile kiti. Wifi angemtaja tu mtoto huyo, mwenyekiti angemalizika mbele ya wale wale aliowakusanya. Nikamwomba Mungu, na sikujua naomba lipi.

Wifi akasimama.

"Aliambiwa jambo la kweli kuhusu kazi ya mama yake, kwa nia ya kumdhalilisha. Aliyesema ni mtoto aliyefuata agizo langu. Sheria ya kuwalinda niliiweka mimi, na siku ile niliiondoa mimi, kwa sababu nilitaka somo liume. Kosa ni langu. Nitamwomba radhi mwanao pale pale alipoaibishwa. Jina la mtoto sitalitaja."

"Hata ukifukuzwa kazi?"

"Hata nikifukuzwa."

Mama wa kufua akamtazama usoni. "Jina ninalo, Mwalimu. Mwanangu aliniambia siku ile ile. Nilitaka kuona kama utamtupia mtoto lawama." Kisha akamtazama mwenyekiti, si kwa muda mrefu, akaketi.

Kila mtu alielewa. Ungedhani mwenyekiti angepoa. Ndiyo kwanza akawa mkali. Aliwataka watu wainue mikono upesi upesi, na wengi waliinua huku wakiangalia sakafu. Wifi akaondolewa darasa la historia, akapewa kutunza stoo ya majembe na mafagio, na muhula ukiisha ahame.

Njia nzima hakusema neno. Tulipofika jikoni aliyasema yote. Sufuria zangu zilitukanwa siku ile kama zilizomwibia.

Jumatatu mama wa kufua hakwenda kwa mwenyekiti. Alituma ujumbe: mtoto wenu aje amwombe radhi mwanangu, na mwalimu arudishwe darasani, ndipo nitafua. Mke wa mwenyekiti akasema hana shida, wafuaji wamejaa tele. Akamwita wa pili, akakataa. Akamwita wa tatu, akakataa. Watoto wao walikuwa wamewasimulia somo jingine la wifi, la watu waliobaguliwa kwenye mabasi wakaamua kutembea kwa miguu zaidi ya mwaka. Wanawake wale wakaona, kama miguu ya wenzao iliweza, mikono yao nayo inaweza kupumzika. Wakaacha kufua kwa mwenyekiti, kwa mkuu wa shule, na kwa wanakamati wote.

Walikaa bombani na mabeseni yao makavu. Mwenyekiti alipita na gari akawaita wavivu, akawaita wachafu, akasema njaa itawatia adabu. Mfanyakazi wake wa dukani alimwaga maji ya taka karibu na miguu yao. Hawakujibu. Nilipokwenda kuchota maji niliwaona kwa macho yangu, watu wazima wenye wajukuu, mikono magotini. Njaa ilikuwepo kweli. Walipika kwenye chungu kimoja, na wawili walikaribia kurudi kazini, wenzao wakawasihi wakabaki.

Mkuu alimwita wifi. "Hii ni kazi yako."

"Kazi yangu ni mafagio," wifi akamjibu. "Nikuletee moja?"

Kilichomshinda mwenyekiti ni shati. Alikuja kwenye kikao cha kamati amevaa shati alilolifua mwenyewe, bluu ya kufulia imeganda mgongoni na kwapani kama ramani. Kila alipogeuka kuandika ubaoni, kamati nzima ilikohoa. Mkuu, ambaye tai yake nayo ilikuwa imeanza kunuka, alimfuata wifi stoo.

"Chukua darasa lako, huhami tena," akasema, bila salamu.

"Na kijana?"

"Atakuja."

Binti alirudi shule. Wifi alimwomba radhi kwanza, amesimama, darasa zima likimwangalia. Halafu kijana akasema lake, macho chini. Binti akajibu, "Nimesikia," akafungua daftari. Hawajawa marafiki. Binti yangu anasema hawapeani hata kifutio. Lakini kiti kimerudi katikati ya darasa, na sheria imerudi na kiti.

Mwenyekiti akimwona wifi barabarani huvuka upande wa pili. Wafuaji walirudi kwake, ila mama yule hakurudi, na mke wa mwenyekiti humwamkia sasa kabla hajaamkiwa.

Juzi nilimuuliza wifi, "Siku ile bwaloni, kama ungejibu, ungewaambia nini?" Akaweka kikombe chini, akanitajia mmoja mmoja na la kwake. Alikuwa ameyatunza yote. Siwezi kuyaandika hapa, mimi ni mtu wa sala. Ila la mwenyekiti lilihusu saruji, na tangu hapo nikipita dukani kwake natazama chini nisije nikacheka.