Siku Daktari wa Mifugo Aliposoma Programu Yangu

Programu yangu ya kwanza ya maana niliiandikia duka la dawa za mifugo, Ushirombo. Mwenye duka alikuwa daktari wa mifugo, mama wa makamo aliyezunguka vijijini kwa pikipiki akichanja ng'ombe. Alitaka kitu kimoja tu: siku ya chanjo ikikaribia, mfugaji apate ujumbe kwenye simu. Niliimaliza kwa wiki mbili, ujumbe ukaanza kwenda, nikajiona fundi.

Mwaka uliofuata akanipigia simu. "Mwanangu, sasa tuweke na mbuzi."

Nikamwambia hiyo ni kazi ya nusu siku. Nilipofungua kompyuta, sikuelewa nilichokuwa nimekiandika mwenyewe. Vitu niliviita d1, d2 na x. Kulikuwa na kipande kimoja kirefu kilichofanya kila kitu: kusoma orodha ya wanyama, kuhesabu siku, kutunga ujumbe na kuutuma. Niligusa mstari mmoja kwa ajili ya mbuzi, na wafugaji watatu wa njia ya Bulyanhulu, watu wa ng'ombe watupu, wakapata ujumbe kuhusu mbuzi wasiokuwa nao. Mmoja alipiga simu dukani kuuliza hao mbuzi aje kuwachukua lini.

Nikaamua kuandika upya, safari hii kwa maneno yale yale niliyotumia nikizungumza na daktari. Mnyama nikampa klasi yake, yaani kifungu kinachobeba habari zake zote: umri, jinsia, chanjo ya mwisho. Ng'ombe akarithi yote ya Mnyama na kuongeza ya kwake. Kutuma ujumbe kukawa kazi ya klasi nyingine kabisa, isiyojua lolote kuhusu ng'ombe. Kila kipande kikafanya jambo moja, na jina lake likasema ni jambo gani. Siku hizo nilikuwa naamka na hamu ya kurudi kwenye kiti, chai ikipoa pembeni.

Nilipomaliza sehemu ya ng'ombe nikaenda dukani.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Mbuzi wangu wamefika?"

"Bado kidogo." Nikaweka kompyuta juu ya kaunta, nikainama kutafuta soketi ya umeme. Niliponyanyuka, alikuwa amevaa miwani na anasoma kwenye kioo, kidole kikifuata mistari.

"'Ndama, amefikisha umri.' 'Mtumie mwenye ndama ujumbe.' Hii ndiyo programu?"

"Ndiyo, daktari."

"Mimi nilidhani ni namba namba tu."

Akaendelea, taratibu, kama anayesoma cheti cha dawa. Alipofika kwenye chanjo ya ugonjwa wa kutupa mimba, kidole kikasimama.

"Hapa umekosea. Umesema ndama, yeyote yule. Hii chanjo ni ya ndama jike peke yake. Dume hachanjwi."

Nikasogea kuangalia. Kosa lilikuwa langu, na lilikuwemo tangu programu ya kwanza, limejificha katikati ya zile d1 na d2.

"Kwa hiyo mwaka jana wafugaji walikuletea madume?"

"Waliniletea sana. Niliwarudisha. Nilifikiri hawakusoma ujumbe vizuri."

Nilipaswa kuona aibu, na niliona, lakini furaha iliizidi. Mtu ambaye hajawahi kuandika hata mstari mmoja wa programu alikuwa amesoma yangu na kunisahihisha. Nikaongeza sharti moja, mahali pamoja: ndama.niJike. Akasoma tena.

"Sasa ni sawa," akasema, akaenda kumhudumia mteja wa dawa ya kupe.

Nikakaa pale pale kwenye kaunta, nikaandika klasi ya Mbuzi, na kabla daktari hajafunga kwenda kula ujumbe wa majaribio ulikuwa umeingia kwenye simu yake. Wale wafugaji watatu hawakupata kitu.

Baadaye nilipata kazi Shinyanga mjini, na programu akaichukua dada mmoja aliyetoka kumaliza chuo. Nilisubiri maswali yake mwezi mzima. Alipopiga, alikuwa na habari tu: ameongeza punda. Nikamwomba anitumie alichoandika. Nilikisoma nimesimama, mwanzo hadi mwisho, na sikukwama popote.