Milimita Mbili za Masele

Hili ninalowaandikia mimi Mjomba wenu hamtaliamini. Nimeshazoea. Hata nilipowaambia niliacha shule darasa la tano kwa sababu mwalimu aliishiwa vya kunifundisha, mlicheka. Chekeni tu. Lakini Masele yupo hapa Matongo, na sasa hivi amekaa pembeni yangu anasoma ninavyoandika.

Masele ni fundi wa alaimenti, kunyoosha magurudumu ya gari. Mashine hana. Ana sakafu ya saruji aliyoisawazisha mwenyewe, nyuzi mbili za kuvulia samaki, futi ya chuma, na benchi moja. Alitoka Shinyanga kufuata dhahabu. Dhahabu ikamkataa, akabaki. Mwaka wa nane huu. Simu yake ikilia, ni kampuni ya simu inamtakia siku njema. Mteja huja, hukaa kwenye benchi, hupiga soga. Gari likinyooka anaondoka, basi. Ndiyo shida ya kazi nzuri.

Wegesa alikuja na Probox yake ya kubebea maziwa kutoka Nyanungu. Usukani ulivuta kushoto, tairi mpya zililiwa upande wa ndani. Mjini walishampimia mara tatu. Masele aliingia uvunguni, akatikisa gurudumu, akatoka.

"Mama, tairodi endi, hii inayounga usukani na gurudumu, imelegea. Nikipima hivihivi, kesho gari limerudi palepale. Kalete mpya kwanza."

Akaleta ya gari jingine. Akarudishwa tena. Kwa hiyo siku tatu benchi lilikuwa na mtu, na kopo la maziwa mgando, na maneno.

"We Msukuma," alisema Wegesa akitazama nyuzi zilivyovutwa ubavuni mwa gari, "unapima gari au unapima kaburi?"

"Kaburi halina usukani, mama."

Wegesa alicheka mpaka akafuta macho kwa kanga. Masele akajificha uvunguni na tabasamu lake.

Siku hiyo ya tatu kifaa kipya kilishafungwa. Futi ilisoma gurudumu bado limepinda milimita mbili. Mbili! Dereva hazioni. Zingeila tairi polepole, na baada ya mwezi Wegesa angerudi, angekaa, angecheka. Masele alilala chali pale chini, spana mkononi, muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka.

"Umesinzia huko?"

"Bado kidogo, mama."

Akazungusha tairodi, akapima, akakaza nati.

Wakaenda kulijaribu barabara ya Nyakunguru. Wegesa akaachia usukani, gari likaenda kama limechorewa mstari. Akamrudisha kwenye saruji yake, akapiga honi mara mbili, akaondoka. Masele akakunja nyuzi.

Msihuzunike sasa, maana tangu hapo Wegesa huja kila Jumapili akitoka kanisani, kopo la maziwa mkononi, anakaa palepale kwenye benchi, anamuuliza habari za Shinyanga, na Jumapili iliyopita alikuja na dada zake wanne na—

"Futa hapo, Mjomba. Hajarudi. Gari limenyooka."